Mzingile ndani ya baiti 4096: shajara ya kujenga gemu ya Atari 2600

## 6 Januari 2024: Lengo na masharti

Ninajenga gemu ya mzingile kwa ajili ya Atari 2600, konsoli iliyoingia sokoni Marekani mwaka 1977. Mchezaji haoni ramani kwa juu. Anaona korido mbele yake kana kwamba yumo ndani, anageuka kushoto au kulia, anasonga hatua moja moja. Nitaandika hapa kila hatua inapokamilika, pamoja na yaliyogoma, ili anayetaka kuifuata njia hii asianze na sifuri.

Kilichonivuta ni Escape from the Mindmaster, gemu ya Dennis Caswell iliyotolewa na Starpath mwaka 1982. Humo unazunguka kwenye korido, unaokota vipande vya maumbo mbalimbali na kuvipachika kwenye matundu yanayolingana navyo, huku kiumbe kikikuwinda. Mpaka leo ukiicheza usiku peke yako moyo unakwenda mbio, na picha zenyewe ni mistatili mikubwa tu ya rangi. Lakini Starpath walikuwa na Supercharger, katriji yenye RAM (kumbukumbu ya muda) ya KB 6 iliyokuwa ikisoma gemu kutoka kaseti ya kawaida kwa waya wa sauti. Mwaka uliofuata CBS walitoa Tunnel Runner, mzingile mwingine wa namna hiyo, na katriji yao ilibeba RAM ya ziada ya baiti 256. Konsoli yenyewe ina RAM ya baiti 128, na humo humo ndimo stack (rundo ambamo prosesa huweka anwani za kurudi) inamokaa.

Masharti yangu: katriji ya kawaida ya KB 4 (baiti 4096), na RAM ya ziada hakuna kabisa. Nataka kujua korido ya kuaminika inaweza kutoka kwenye mashine ilivyo.

Zana ni asembla ya DASM, inayogeuza programu kuwa lugha ya mashine, na emuleta ya Stella, inayoiga konsoli kwenye kompyuta, zote za bure. Kompyuta ni mpakato wa zamani. Kwa hiyo gharama nitakazoandika zaidi ni za baiti na mizunguko ya prosesa (vipigo vya saa yake), maana hivyo ndivyo vitakavyoisha kabla ya fedha.

Kwa ambaye hajaijua mashine hii: prosesa ni 6507 inayokwenda MHz 1.19, na chipu ya kuchora inaitwa TIA. Hakuna mahali popote panapohifadhi picha nzima. TIA inajua mstari mmoja tu, ule ambao mwale wa TV unaupita sasa hivi, na programu inatakiwa kuilisha mstari baada ya mstari, mizunguko 76 kwa kila mmoja. Ukichelewa, mwale haukusubiri. Mandhari yanachorwa kwa biti 20 zilizogawanywa kwenye rejista tatu (visanduku vidogo ndani ya chipu), PF0 yenye biti 4, PF1 yenye 8 na PF2 yenye 8. Hizo zinajaza nusu ya kushoto ya skrini. Nusu ya kulia ama inarudia zilezile, ama inazigeuza kama kioo.

## 20 Januari: Fremu imetulia

Hatua ya kawaida, naipita haraka. Fremu ni mistari 262: 3 ya ishara ya wima, 37 ya giza la juu, 192 ya picha, 30 ya giza la chini. Mistari 160 ya picha nimeipa korido, na 32 ya chini nimeiacha kwa dira na vitu vilivyookotwa. Muda wa giza naupima kwa kipima muda TIM64T, 43 juu na 35 chini. Stella inasoma 262 bila kutikisika.

Gharama: baiti 140 hivi za kodi (maandishi ya programu), nyingi zikiwa za kusafisha RAM mwanzoni.

## 3 Februari: Majedwali yamekataa kuingia

Wazo la kwanza lilikuwa rahisi: nichore kila sura ya korido kabla, niiweke kwenye ROM (kumbukumbu ya katriji isiyobadilika), na programu ichague tu. Kwa nusu moja ya skrini, kinachobadilisha sura ni mambo mawili: ukuta wa mbele uko umbali gani, na kila kigae (hatua moja ya korido) kabla yake kina ukuta au kichochoro upande huo. Nikiona vigae vinne mbele, hesabu inakuwa 2 + 4 + 8 + 16, sura 30. Kila sura inahitaji majedwali matatu, moja kwa kila rejista. Majedwali 90, kila moja la mistari 160, ni baiti 14,400. ROM yote ni 4096.

Nikajaribu njia ya pili: kuichora korido kwenye RAM mchezaji anapopiga hatua, kisha kitanzi cha kuchora kisome kutoka humo. Kwa RAM ya Supercharger mtu angekuwa na nafasi ya kufanya hivyo. Kwangu, hata nikipunguza picha iwe na safu 80 za mistari miwili miwili, baiti 6 kwa kila safu ni 480. Ninazo 128.

Nikajaribu na ya tatu, kukokotoa mteremko wa kuta palepale mstari unapochorwa. Kulinganisha tu mstari wa sasa na mipaka ya kuta nne kwa kila upande kulikula mizunguko yote 76 kabla sijaandika rejista hata moja. Nimefuta.

## 11 Februari: Kuta zimekubali kukaa ndani ya rejista

Hii ndiyo siku ambayo mradi ulipata uti wa mgongo, kwa hiyo nitaieleza kwa kirefu.

Kwenye picha ya korido, kitu kilicho mbali mara mbili kinaonekana kwa upana wa nusu. Nusu ya skrini ina pikseli 20 kutoka katikati hadi ukingoni. Nikichora mchezaji akiwa amesimama nyuma kidogo, mwisho wa kigae chake uwe umbali wa 1, ukuta wa hapo naweza kuuweka pikseli 16 kutoka katikati. Kigae kinachofuata kinaishia umbali wa 2, yaani pikseli 8. Kinachofuata, umbali wa 3, ni pikseli 5 na kitu. Umbali wa 4 ni pikseli 4.

Sasa tazama rejista. Kutoka ukingoni kuja katikati, PF0 inashika pikseli ya 20 hadi 16. PF1 inashika ya 16 hadi 8. PF2 inashika 8 za mwisho. Mipaka ya kuta imeangukia juu ya mipaka ya rejista! PF0 ni kigae nilichosimama, PF1 ni kigae cha mbele, na PF2 inabeba viwili vya mbali.

Maana yake ni kwamba kila rejista inaweza kuchaguliwa peke yake bila kuuliza nyingine ina nini. PF0 ina picha 2 tu, ukuta au kichochoro. PF1 ina 3: ukuta, kichochoro, au ukuta wa mbele uliokuja karibu na kuziba kila kitu. PF2 ina 8: ukuta wa mbele kwenye umbali wa 1, kwenye umbali wa 2, mbili za umbali wa 3, na nne za korido inayopotelea gizani. Jumla ni 13. Kutoka majedwali 90 hadi 13, na kwa kuwa nusu ya kulia inatumia kioo, hayo hayo 13 yanatosha pande zote mbili.

Mteremko nao umekaa vizuri. Picha ina urefu wa mistari 80 juu ya katikati na 80 chini, na upana wa pikseli 20 kila upande, kwa hiyo kila pikseli moja kuelekea katikati ukuta unashuka mistari 4. Ngazi hizo nilizichora kwenye karatasi ya hesabu ya shule, kisha nikaziandika kwa mkono.

Hapa kuna mtego wa kuangalia. Biti za PF0 zinachorwa kuanzia ya 4 kwenda ya 7, za PF1 zinaanza ya 7 kushuka hadi 0, na za PF2 zinarudi kinyume, 0 hadi 7. Jedwali la PF2 lililoandikwa kwa mpangilio wa PF1 linatoa korido iliyofunguka kama mdomo wa samaki, nyembamba pale inapopaswa kuwa pana. Ukiona hivyo usiguse hesabu zako za umbali. Geuza biti.

## 24 Februari: Kitanzi cha kuchora, mizunguko 72 kati ya 76

Kushoto na kulia kwa korido ni nadra kufanana, kwa hiyo rejista zote tatu lazima ziandikwe mara mbili ndani ya mstari mmoja: mara ya kwanza kabla mwale haujafika, mara ya pili baada ya kupita kushoto na kabla ya kufika kulia. Kioo kinaleta ugumu wake. Kwa mpangilio wa kurudia, kulia kunaanza na PF0, rejista ambayo ilishachorwa zamani na muda upo tele. Kwa kioo, kulia kunaanza na PF2 ileile iliyomaliza kushoto. Inatakiwa ibadilike katikati kabisa ya skrini, karibu na mzunguko wa 49, bila kuwahi wala kuchelewa.

Nilianza na mpangilio wa kurudia kwa kuogopa hilo. Picha ilitoka safi, lakini majedwali ya kulia yakawa tofauti na ya kushoto, na 13 yakarudi kuwa 26. Nimeuacha. Hiki hapa ndicho kitanzi cha kioo, namba za pembeni ni mzunguko ambao kila uandishi unakamilika:

    Kitanzi
        sta WSYNC
        lda (Rangi),y
        sta COLUPF, 8
        lda (KushPF0),y
        sta PF0, 16
        lda (KushPF1),y
        sta PF1, 24
        lda (KushPF2),y
        sta PF2, 32
        lda (KuliPF0),y
        sta PF0, 40
        lda (KuliPF2),y
        sta PF2, 48, hapa hapa
        lda (KuliPF1),y
        sta PF1, 56
        lda (Kiumbe),y
        sta GRP0, 64
        dey, 66
        bne Kitanzi, 69

Ongeza 3 za WSYNC (amri ya kusubiri mstari mpya), unapata 72. Uandishi wa rangi (COLUPF) pale mwanzoni si wa bahati: ndio unaoisukuma PF2 ya kulia ifike 48. Ukiuondoa, weka kitu kingine cha mizunguko 8 mahali pake. Spraiti ya kiumbe (GRP0, picha ndogo isiyo sehemu ya mandhari) inaandikwa mwishoni, mwale ukiwa umeshapita katikati, kwa hiyo inaonekana kwenye mstari unaofuata, na hilo halina madhara.

Gharama: vielekezi vinane (anwani za majedwali) vya baiti mbili mbili, baiti 16 za RAM.

## 2 Machi: Ufa katikati ya korido

Korido ilionekana, kisha ikaonekana na ufa. Kwenye baadhi ya sura tu, pikseli za katikati zilikatika kuanzia safu fulani kwenda chini, kana kwamba nusu mbili za picha hazikuunganishwa sawasawa. Nilihangaika na majedwali nikidhani biti zimekosewa. Hazikuwa zimekosewa.

Sababu ni hii. Amri ya lda (kielekezi),y inachukua mizunguko 5, lakini ikiwa kuongeza Y kunavuka mpaka wa ukurasa wa baiti 256, inachukua 6. Majedwali yangu yalikuwa yamepangwa mfululizo, mengine yakikatwa na mpaka katikati. Kila lililokatwa liliongeza mzunguko mmoja, na PF2 ya kulia ikaandikwa mzunguko wa 49 au 50. Zile nafasi 4 nilizobakiza mwishoni mwa mstari hazikunisaidia chochote, kwa sababu kinachotakiwa kuwa sahihi ni katikati.

Dawa ni kila jedwali likae ndani ya ukurasa mmoja. Lakini jedwali la baiti 160 likikaa kwenye ukurasa wa 256, la pili haliingii. Majedwali 13 yangekula kurasa 13, na ROM nzima ina kurasa 16. Hapo ndipo nilipokubali safu za mistari miwili. Jedwali linakuwa baiti 80, matatu yanaingia ukurasa mmoja na baiti 16 zinabaki. Kurasa 5 zimetosha, na vile vijinafasi vya 16 nimevijaza meza ndogo ndogo za mwelekeo na sauti.

Kitanzi sasa kina mistari miwili. Wa kwanza unaandika rangi, PF zote sita na spraiti ya kiumbe. Wa pili unaandika spraiti ya pili, kisha PF zote sita tena. Spraiti ya pili imewekwa mwanzoni makusudi, ili nayo ichukue zile mizunguko 8 na PF2 ibaki kwenye 48. Mstari wa kwanza unaisha 67, wa pili 64. Nimepata spraiti ya pili bure na picha haijaharibika kwa kuonekana, maana kuta zenyewe ni za ngazi.

Tahadhari moja kwa atakayenakili: Y, kihesabu cha safu, sasa inashuka 79 hadi 0 na kitanzi kinarudi kwa bpl (rudi mradi si hasi). Ukibaki na bne (rudi mradi si sifuri), utalazimika kuelekeza kwenye baiti moja kabla ya jedwali, na kwa jedwali linaloanzia mwanzo wa ukurasa hiyo baiti iko ukurasa wa nyuma. Ufa utarudi kwenye kila safu.

## 16 Machi: Vichochoro visivyoonekana

Picha imara, lakini haisomeki. Rangi ya kuta ni moja kwa safu nzima, kwa hiyo ukuta wa kando na kichochoro vinatofautiana kwa umbo la juu na chini tu: ukuta unateremka, kichochoro kinaonyesha uso bapa wa ukuta wa nyuma yake. Kwenye PF0, yenye pikseli 4, tofauti hiyo ni ngazi chache ambazo jicho halizioni. Nilimpa mdogo wangu ajaribu, akanyoosha kidole kwenye skrini akauliza, "Kaka, sasa hapa nageukia wapi?" Alikuwa amesimama kwenye njia panda.

Nilijaribu kubadilisha rangi kulingana na umbali. Haiwezekani bila kuandika COLUPF katikati ya mstari, na nafasi ya kufanya hivyo haipo. Nilijaribu pia kutoboa kichochoro kiwe cheusi chote. Hapo njia ilionekana, lakini korido ikawa kama nguzo zinazoelea hewani.

Kilichofanya kazi ni safu moja ya wima ya pikseli iliyozimwa pale pembe ya ukuta inapoishia na kichochoro kuanza. Mstari mmoja mweusi, na jicho linaelewa papo hapo kwamba kuna kona. Nimeuweka ndani ya majedwali yenyewe, haukugharimu baiti hata moja wala mzunguko.

Swali moja lilibaki: uso bapa ninaouonyesha ndani ya kichochoro, je, kweli upo kila mara? Kama ramani ina uwazi hapo, gemu inamdanganya mchezaji. Nimelimaliza kwenye ramani. Mzingile ni vigae 15 kwa 15. Vyumba vimekaa kwenye namba witiri, na kila kigae chenye namba shufwa pande zote mbili ni nguzo isiyoondolewa. Ukisimama chumbani na kichochoro kiko kulia, kigae kilicho mbele ya kichochoro ni lazima kiwe nguzo. Ukisimama kati ya vyumba viwili, kulia kwako ni nguzo na kichochoro hakiwezekani. Picha haisemi uongo kamwe, na sikuandika kodi yoyote ya kuhakikisha.

Kila mzingile ni baiti 30, biti moja kwa kigae. Minne ni 120.

## 7 Aprili: Kutembea na dira

Joistiki inasomwa kwenye rejista ya SWCHA, biti nne za juu kwa mchezaji wa kwanza, sifuri ikimaanisha imesukumwa. Ukiisoma kila fremu bila kukumbuka hali iliyopita, mguso mmoja unamzungusha mchezaji kama pia. Linganisha na fremu iliyotangulia na usikilize badiliko tu.

Kugeuka ndiko kulikonipa kazi. Sura inabadilika ghafla kwa nyuzi 90, na kwenye mzingile ambao korido zake zinafanana, mtu anapoteza mwelekeo baada ya kona mbili. Nimeongeza mambo mawili. Kwanza, fremu chache za giza na mlio mfupi kila anapogeuka, na mlio wa kushoto uko chini ya ule wa kulia. Masikio yanajifunza upesi kuliko nilivyotarajia. Pili, dira kwenye ile mistari 32 ya chini. Herufi hazifai, Kaskazini na Kusini zote ni K, kwa hiyo dira ni mshale.

Nilijaribu pia kuonyesha ramani ndogo ya vigae ulivyopita. Ingehitaji biti 225 za RAM, baiti 29, na ninazo. Nimeitoa hata hivyo. Ikiwepo, macho ya mchezaji yanahamia chini na korido inakuwa pambo. Mzingile wa namna hii ni wa kukariri kichwani, na hapo ndipo utamu wake ulipo.

## 28 Aprili: Kiumbe

TIA inaweza kuchora spraiti ya pikseli 8 kwa upana wa kawaida, mara mbili au mara nne. Umbali wangu ni huo huo: mbali, kati, karibu. Kiumbe kwenye umbali wa 3 ni cha kawaida, wa 2 ni mara mbili, wa 1 ni mara nne, na kinajaza korido kwa namna inayotisha. Urefu wake hauongezwi na TIA, kwa hiyo nimechora picha tatu za safu 80, zikiingia ukurasa mmoja kamili pamoja na nafasi zao tupu. Usisahau kukiweka katikati upya kila kinapobadilika ukubwa, la sivyo kinanenepa kuelekea kulia peke yake.

Akili yake ilipitia majaribio mawili. La kwanza, kielekee upande ambao umbali wake na mchezaji unapungua. Kiligota kwenye kona ya kwanza isiyo na njia, kikabaki kikitikisika humo. Kutafuta njia fupi kwa ramani nzima kunataka kukumbuka vigae vilivyopitiwa, na RAM haitoshi pamoja na mengine. La pili limekaa: kisigeuke kurudi kilikotoka isipokuwa njia imeziba, na kwenye njia panda kichague upande unaopunguza umbali, lakini mara moja moja kichague kwa bahati.

Hiyo bahati ndiyo iliyoleta kitendawili. Kiumbe kilikuwa kinachagua upande uleule daima. Namba za bahati nazitoa kwa rejista ya kusukuma biti:

        lda Bahati
        lsr
        bcc Tayari
        eor #$B4
    Tayari
        sta Bahati

Inatoa namba 255 tofauti kabla ya kurudia, lakini ikianza na sifuri inabaki sifuri milele. Na kodi ya kuwasha konsoli inasafisha RAM yote kuwa sifuri. Sasa mchezaji anapobonyeza kitufe cha kuanza, nasoma kipima muda INTIM pamoja na hesabu ya fremu, nalazimisha biti moja iwe 1, na hiyo ndiyo mbegu.

Sauti ya hatua za kiumbe inapanda kadiri kinavyokaribia, kwa kujumlisha tofauti ya safu na tofauti ya mistari ya ramani. Ukuta ukiwa kati yenu sauti bado inapanda. Nilifikiria kurekebisha, nikaacha. Kusikia kitu upande wa pili wa ukuta bila kukiona kunatia hofu kuliko kukiona.

Gharama: baiti 310 kwa kodi, na ukurasa mmoja wa picha.

## 19 Mei: Maumbo na matundu

Maumbo manne kwa kila mzingile: mraba, pembetatu, duara na msalaba. Yanalala sakafuni na yanaonekana ukiwa kigae kimoja kabla, kwa spraiti ya pili. Tundu linaonekana kwenye ukuta wa mbele. Ukibeba umbo sahihi na kubonyeza, linajaa. Ukibeba lisilo lake, kiumbe kinasikia na kuja. Kanuni hii ya mwisho ni yangu na inabadilisha mchezo wote, kwa sababu sasa kubahatisha kuna bei.

ROM ilijaa nikiwa sijaweka duara. Picha nne za safu 80 ni baiti 320, na karibu zote ni sifuri. Nimezipandanisha: umbo la pili linaanzia pale sifuri za la kwanza zinapoishia, na kielekezi kinasogezwa badala ya picha. Baiti zimepungua, na lazima zote zikae ukurasa mmoja kwa sababu ileile ya ufa. Baada ya hapo ROM ikabakiza baiti 61.

## 22 Juni: Katriji halisi na TV ya chogo

Nimeazimwa Atari 2600 iliyoletwa na familia fulani kutoka Uingereza, yaani ni ya PAL, mfumo wa TV uliotumika huko. TV zetu pia ni za PAL, kwa hiyo zilikutana bila kigeuzi. TV ni ya chogo, nimeipata kwa mtu aliyekuwa anaitupa.

Nilichukua katriji iliyokufa, nikafungua, nikatoa chipu yake na kuweka EPROM ya 2732, chipu ya ROM unayoweza kuiandika mwenyewe. Skrini ikawa nyeusi. Kuna mambo mawili hapa. Miguu ya EPROM haifanani yote na ya chipu ya asili, kwa hiyo kagua waya mmoja mmoja kabla ya kuunganisha. La pili ndilo lililonikwamisha: konsoli inaita katriji kwa kuupandisha waya A12, na EPROM inaamka waya wake wa kuchagua unaposhuka. Unahitaji kigeuza ishara katikati. Nilichomoa 74LS04 kwenye bodi mbovu ya kompyuta, nikaifunga kwa waya mwembamba nyuma ya bodi, nikatumia lango moja kati ya sita. Ikawaka.

Gharama ya fedha: EPROM na usafirishaji wake, na usafirishaji ulizidi chipu. Risasi ya kuchomelea na waya nilikuwa navyo.

Ikawaka, lakini picha ilikuwa inapanda juu bila kutulia. Mistari 262 ni ya TV za Marekani, PAL inataka 312. Nimeongeza mistari kwenye giza la juu na la chini na kuacha picha na mistari yake 192. Picha ikatulia, ikawa haina rangi kabisa. Hesabu kwenye Stella ilionyesha 311. Kwenye PAL, idadi ya mistari ikiwa witiri rangi inapotea. Mstari mmoja zaidi na rangi zikarudi, ila hazikuwa zangu: namba ileile ya rangi inatoa rangi nyingine kwenye PAL, na korido yangu ya kahawia ikatoka ya ajabu. Jedwali la rangi nimeliandika upya mbele ya TV, maana kioo cha chogo hakifanani na cha mpakato hata kwa rangi sahihi.

Fremu 50 kwa sekunde badala ya 60 zimempunguza kasi kiumbe, nikabadilisha hesabu yake ya kusubiri kutoka 30 hadi 25. Matoleo mawili sasa yanatoka kwenye faili moja kwa swichi ya asembla.

Baiti zilizobaki ni 44. Mzingile wa tano ungechukua 30. Ramani yake iko mezani, imeshachorwa kwa penseli, na kitu pekee kilichobaki ni kupata mahali pa kuanzia ambapo kiumbe hakimfikii mchezaji kabla ya kona ya kwanza.